Mto Ulipohamia Jamhuri

Jumanne moja ya mwezi wa Mei mwaka 2004, Kavutha alikuwa ameketi mlangoni pake, mtaa wa Jamhuri, sinia la maharagwe mapajani, akitoa vijiwe na kuvirusha kwenye ua wa miti ya kayaba, alipouona Mto Nairobi ukija kwenye kijia. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mto ulikuwa umetoka Ngara asubuhi, ukapita katikati ya jiji, ukapanda Valley Road na kuishika Ngong Road, ukifuata ukingo wa barabara na kusubiri magari yapite kila penye kivukio. Kutoka mjini hadi Jamhuri ni kupanda tu, na mto haujazoea kupanda. Ulifika umechoka, upana wake hauzidi mkeka wa watu wawili.

Kavutha aliusalimu, nao ukaitikia. Aliuuliza kama unamtafuta Baba Syokimau, yaani mumewe, ukasema ndiyo, ila hauna haraka. Basi akaondoa sinia na kiti mlangoni, akauambia uingie ndani, kwa kuwa kumsimamisha mgeni nje ni aibu na tena watu wa ploti ile wana macho. Mto uliingia, ukaenea sakafuni mpaka kimo cha kifundo cha mguu, ukatulia. Kavutha aliinua miguu ya makochi juu ya matofali, redio akaiweka juu ya kabati, kisha akainjika chai. Ya mgeni aliimimina mle mle mtoni, vikombe viwili, na sukari hakuibania, kwa sababu mgeni mwenyewe alionekana amekonda.

Alipouuliza unaumwa wapi, mto ulisema kifuani. Pale Ngara, chini kidogo ya daraja. Kavutha alisema pole. Hakuuliza zaidi, maana aliujua mwili wa mto ule kidogo, na alijua mumewe anafanya kazi wapi.

Mumewe, Masila, alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa miaka arobaini na mmoja, mpole, mwenye vidole vilivyonuka gundi hata siku ya Jumapili. Alirudi saa kumi na mbili na nusu. Aliona kizingiti kimelowa, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia na kuupa mto mkono, yaani aliuchovya mkono wake akautoa. Kisha akaketi kwenye kochi, miguu majini, kama anayengoja daktari amwite.

Alijua mto umefuata nini. Kule Ngara, tajiri mmoja aitwaye Waweru alikuwa amejenga nyumba ya ghorofa tano, mgongo wake umeuelekea mto. Vyoo vilikuwa arobaini. Maji taka yalipaswa kupanda hadi kwenye bomba la jiji lililo barabarani, lakini hiyo ilitaka kuchimba lami, kuomba vibali na kuwa na subira, na Waweru hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Nyuma ya nyumba palikuwa na mtaro wa maji ya mvua ulioshuka moja kwa moja hadi mtoni. Masila aliambiwa aunganishe hapo. Kwa wiki mbili alikuwa ametandaza mabomba mazuri ya inchi sita, yenye mteremko sawasawa, na sasa kilibaki kiungo kimoja tu, cha mwisho, cha kukutanisha bomba na mtaro. Tangu Ijumaa alikuwa akisema anangoja gundi. Gundi ilikuwa ndani ya mkoba wake.

Baada ya chakula, mto ulijikunyata kidogo, ukasukuma kitu kutoka chini ya kochi hadi miguuni pa Masila. Ilikuwa kofia ya sufi, ya kahawia, yenye kifundo juu. Kavutha aliiokota, akaikamua, akauliza ni ya nani. Masila akasema ni yake, aliipoteza mwaka wa themanini na mbili. Kavutha aliifua kwa sabuni ya mche akaianika kwenye kamba, kwa kuwa ilikuwa bado nzima.

Mkewe aliijua habari ile, lakini si yote. Jumapili ya kwanza ya Agosti mwaka huo, Masila akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mfanyakazi wa duka la vyuma, alitoka chumbani mwake Ngara kwenda kununua nusu mkate na majani ya chai. Redio ilikuwa imesema serikali imepinduliwa; baadaye ilisema haijapinduliwa. Watu walikuwa wakikimbia na televisheni na majora ya vitambaa, maduka yako wazi kama siku ya harusi. Risasi zilipoanza hazikuuliza nani amebeba na nani hana kitu. Masila hakuwa na kitu. Alikimbia, akateleza, akaanguka mtoni chini ya daraja, akalala kati ya matete, pua tu ikiwa nje. Wanajeshi walikuja wakasimama ukingoni, wakatazama majini. Mto ukajichafua. Uliinua tope lake lote kutoka chini, ukaliweka juu ya Masila, hata yeye mwenyewe hakuiona mikono yake. Ulikaa hivyo, umechafuka, tangu saa nne asubuhi hadi jioni.

Sehemu ambayo Masila hakuwahi kumwambia mkewe ni hii. Alipotoka, aliitazama suruali yake, ile moja nzuri, akautukana mto kwa Kikamba, akautemea mate, akaenda zake. Tangu hapo alikuwa amelivuka lile daraja kila wiki kwa miaka ishirini na miwili bila kuutupia jicho.

Jumatano asubuhi hakwenda Ngara. Alipitia mjini, kwenye sinagogi lile lenye bustani na lango la chuma, ambako kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akitengeneza mabomba. Mtunza funguo alikuwa mzee aitwaye Zilber. Wazazi wake walikuja Kenya kabla ya vita vya Hitler na masanduku mawili, wakapewa kazi kwenye shamba la mtu huko Molo, na Zilber alikulia huko akicheza na watoto wa wafanyakazi. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, kimekosa nusu ya viambishi lakini hakikosi heshima.

Masila alimpenda mzee yule tangu siku ya kwanza. Siku hiyo alikuwa amebadilisha mfereji wa kufungulia maji ulioliwa na kutu mlangoni, pale wanaponawa mikono kwa vikombe vyenye vishikio viwili, na alitaka kuutupa ule wa zamani. Zilber aliuchukua, akaupangusa kwa leso, akauambia asante, akauweka rafuni. Alieleza kwamba mfereji huo umewapa maji miaka ishirini, na kitu kilichokufaa hukitupi kama kisicho na jina. Siku nyingine Masila alikuwa chooni akizibua bomba, akamsikia mzee nje ya mlango akinong'ona. Alipomuuliza, Zilber alimweleza kwamba Wayahudi wakitoka msalani humshukuru Mungu kwa matundu yote ya mwili, yale yanayofunguka na yale yanayojifunga, kwa sababu moja tu likikosea kazi yake mtu hawezi kusimama mbele ya Mungu. Masila alicheka mpaka akaketi juu ya sanduku la vifaa. Alisema hiyo ndiyo dua ya fundi wa mabomba, na kwamba kanisani kwao hawajafika huko.

Sasa alimwambia Zilber kwamba mto uko nyumbani kwake. Zilber aliuliza kama umepewa chai. Masila akasema umepewa. Ndipo akamweleza yote, kuanzia matete mpaka mate, na hili la mwisho alilisema akitazama chini. Lilimtoka kwa shida kuliko alivyodhani.

Zilber alifikiri. Alisema katika ibada yao anayesimama mbele anaweza kuwasomea wengine karibu kila kitu, wao wakaitikia amina, ikatosha. Lakini akifika kwenye shukrani, watu wote huinama na kila mmoja huisema yake kwa mdomo wake.

"Kuomba, mtu mwingine anaweza kukuombea," alisema. "Asante, hapana. Asante ni mdomo yako."

Kisha akamsimulia habari ya Musa. Masila aliijua tangu shule ya Jumapili, ila hakuwa ameisikia ikisimuliwa kutoka upande wa mto. Musa alipokuwa mchanga alifichwa majini ndani ya kikapu, na maji yakamtunza. Alipokuwa mtu mzima, Mungu aliagiza maji yale yapigwe kwa fimbo yageuke damu. Musa hakuyapiga. Fimbo ilishikwa na Haruni, ndugu yake. Wazee wa Kiyahudi waliiona hiyo wakasema, ni kwa sababu mtu hainui mkono juu ya maji yaliyomficha.

Masila alitoka pale amesimama wima zaidi. Njiani alijiambia kwamba kumbe jambo lenyewe lilikwisha kuamuliwa zamani, tena na watu wakubwa, na kazi yake ni kufuata tu.

Kule Jamhuri mto ulikuwa umeanza kuzoea. Asubuhi ulitoka uani kuota jua, mchana ukarudi ndani kusikiliza redio. Harufu yake ilienea ploti nzima, na majirani walipita wameziba pua kwa adabu. Ciru, msusi wa nyumba ya tatu, ndiye aliyesema wazi, maana Ciru hajui kusema kwa njia nyingine.

"Mama Syokimau, mgeni wako ananuka," alimwambia Kavutha. "Lakini ni sisi tulimnukisha, ama?"

Aliuletea nusu pakiti ya sabuni ya unga. Mto ulishukuru, ukasema ya namna hiyo umeshapata nyingi. Ciru akakaa nao kidogo, miguu ndani, akaukuta una vitu vyake vya zamani: chanuo alichokidondosha darajani akiwa msichana, na kandambili moja ya rafiki yake. Chanuo alikichukua. Kandambili aliiacha, kwa kuwa rafiki alihamia Nakuru.

Ngara nako, mahali mto ulipokuwa pamebaki mfereji mtupu wa tope na mifuko ya plastiki. Tope lilikauka kwa siku moja. Jumatano jioni wauza mitumba walikuwa wametandika nguo humo kwa safu mbili, Alhamisi akaja mwenye kukaanga viazi, na mhubiri mmoja akasimama juu ya jiwe akahubiri juu ya Bahari ya Shamu. Baraza la jiji lilituma karani akaandika kwamba mto haupo, akaondoka. Waweru alishuka kutoka kwenye jengo lake, akaupima mfereji kwa hatua, kutoka ukuta wake hadi ng'ambo, akaona panatosha kuegesha magari kumi na manne.

Alhamisi hiyo Masila alimkuta pale pale, akila viazi. Alimwambia bila kuzunguka kwamba hataweza kufunga kile kiungo. Alieleza sababu: mto uliwahi kumficha. Waweru alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele; alikuwa na ugonjwa wa moyo na dawa zake mfukoni, na alipenda mambo yaende.

"Fundi, mimi si mtu wa kulazimisha mtu," alisema. "Kitu kikikukataa rohoni, wacha. Lakini wapangaji wanaingia Jumapili. Nitafutie mtu."

Masila alikuwa na jina tayari. Kisilu, mdogo wake, alikuwa amekuja mjini tangu Januari, anaishi Kangemi na mke mwenye mimba ya miezi minane, na kila asubuhi alikwenda kusimama kwenye lango la ujenzi fulani na kurudishwa. Alikuwa na mkono mzuri. Masila mwenyewe ndiye aliyemfundisha, wakiwa bado kwao Mwala, kwa mabomba ya tangi la shule. Alikuwa amemtafutia kazi kwa miezi mitano bila kupata, na kila Kisilu alipomtembelea na kukataa kula, akisema ameshiba, Masila aliumia.

"Kuna ndugu yangu," alisema.

Waweru alifurahi. Alisema akiona kazi ya huyo ndugu ni safi, nyumba zake zote zitakuwa mikononi mwake: mbili za Ngara, moja ya Pangani. Masila alitembea kurudi akiwa mwepesi, karibu aimbe. Mto hakuupiga. Ndugu yake amepata kazi. Alihisi kwamba kwa siku moja ametenda mema mawili, na kila moja limelishika mkono lingine.

Jioni alimweleza Kavutha, akiwa amesimama majini. Kavutha alikuwa akimenya vitunguu. Masila alipofika kwenye jina, Kavutha aliweka kisu chini.

"Umempa Kisilu," alisema.

Masila alisema naye Musa alimpa ndugu yake. Kavutha aliutazama mto. Mto ulikuwa umelala, au ulijifanya umelala. Akaendelea na vitunguu, na machozi yaliyokuwa yakimtoka yangeweza kuwa ya vitunguu.

Ijumaa mchana mto uliaga. Ulisema umekaa vya kutosha, mgeni asije akawa mzigo, ila mwili hauna nguvu ya kurudi peke yake. Kushuka ni rahisi kuliko kupanda, lakini kwa miguu ya nani. Masila alikwenda kumwambia Zilber. Mzee alisema katika sheria yao ukimkuta punda ameanguka chini ya mzigo, hata akiwa wa mtu usiyepatana naye, humpiti. Unamwinua. Na humwinui peke yako huku mwenyewe amekaa, wala humwachii mwenyewe ahangaike huku wewe unatazama, mnainua pamoja. Alisema angekuja kusaidia, isipokuwa kesho ni Sabato na yeye habebi kitu. Walikubaliana Jumapili, baada ya kanisa.

Jumapili saa sita mchana, ploti nzima ilikuwa imepanga mstari mlangoni kwa Kavutha na mabeseni, ndoo, mitungi, sufuria za arusi na debe moja la mafuta. Kavutha alichota, akijaza kila chombo kwa kipimo, akiuambia mto pole kila alipozamisha bakuli. Ciru alibeba ndoo mbili, moja kichwani. Watu wa ploti za jirani, walipoona mstari, waliuliza ni nini, wakaambiwa ni mto unarudishwa kwao, wakaenda kuchukua vyombo. Walifika watu mia tatu na zaidi. Walishika Ngong Road kwa mguu, wakinamama wameweka ngata, wanaume wakibadilishana mikono, na aliyechoka alipokewa na wa nyuma yake bila kuombwa. Kuna mahali watu hawakujuana kabisa, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, mlinzi mmoja Mturkana aliyeacha lango la watu, wote wakilaumiana tu juu ya kumwaga. Askari wa barabarani aliwasimamishia magari pale mzunguko wa Valley Road.

Zilber aliwangoja mjini, suti ya kijivu, mkononi kile kikombe cha vishikio viwili cha kunawia. Masila alimjazia kutoka kwenye ndoo yake. Mzee alikishika kwa mikono yote miwili akatembea nacho hadi Ngara, polepole, akitazama maji yasimwagike, na mstari mzima ukapunguza mwendo kwa ajili yake.

Wauza mitumba waliondoa nguo zao, wakinung'unika kidogo, wengine wakisaidia kumwaga. Mhubiri alishuka kwenye jiwe. Beseni kwa beseni mto ulirudi kitandani pake, ukajinyoosha, ukapata kina. Kikombe cha Zilber ndicho kilichomwagwa mwisho. Kisha watu walirudi nyuma, kwa sababu habari ya Masila ilikuwa imeenea kwenye mstari tangu Ngong Road, nao walijua ana neno.

Masila alishuka hadi matete yalipokuwa zamani. Alivaa ile kofia ya kahawia. Aliivua. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, akayakosa yote.

"Asante," alisema. "Ulinificha. Nikakutemea mate. Asante."

Alilia, wala hakuficha. Ciru naye akalia, na yule mlinzi Mturkana. Mto ulipanda kidogo, ukamfikia magotini, ukakaa hapo. Ulikuwa karibu safi. Siku tano za jua la Jamhuri na kubebwa na watu zilikuwa zimeutoa tope, na Masila aliviona vidole vyake vya miguu ndani ya Mto Nairobi, vyote kumi, jambo ambalo hakuna mtu wa rika lake aliyewahi kuliona pale Ngara.

"Kaka!"

Sauti ilitoka juu, kwenye ukuta wa Waweru. Kisilu alikuwa amepiga magoti kando ya mtaro, ovaroli mpya, akifuta gundi vidoleni kwa kitambaa. Alikuwa amemaliza. Kiungo kilikuwa kimekaa sawasawa, bila tone la gundi kupita ukingo, bomba jeupe limeutazama mtaro na mtaro umeutazama mto. Alishuka mbio, akamshika Masila mkono kwa mikono yake miwili, akaushika kwa muda mrefu.

"Asante, kaka," alisema. "Leo wamenipa hizo nyumba zote. Mtoto akizaliwa atakuwa Masila. Asante sana."

Aliisema kwa mdomo wake mwenyewe, na ilitoka moyoni, kila mtu aliisikia. Masila alitaka kusema karibu. Alifungua kinywa, na juu yao, katika nyumba ya Waweru, mpangaji wa kwanza aliyehamia asubuhi hiyo alivuta mnyororo wa choo.

Bomba lilifanya kazi. Lilianza kwa kukohoa, kisha likatiririsha, na rangi ikaingia mtoni upande wa ukuta, ikatanda taratibu mpaka kwenye magoti ya Masila. Vidole vya miguu vikapotea kimoja kimoja. Wakinamama waliokota mabeseni yao. Ilikuwa inakaribia saa tisa, na wengi walikuwa hawajala.

Zilber alikuwa bado amesimama ukingoni na kikombe kitupu. Masila alipanda akasimama kando yake, maji yakimchuruzika.

"Mzee," aliuliza, "ule mto wa Musa. Haruni alipoupiga, uliumia kidogo kuliko vile Musa angeupiga?"

Zilber alikigeuza kikombe, akakitazama ndani kama amesahau kitu humo.

"Kitabu inasema habari ya Musa," alijibu. "Ya mto haisemi."

Masila alirudi Jamhuri kwa miguu pamoja na wengine. Kavutha aliikausha sakafu lakini matofali chini ya makochi hakuyaondoa, akasema huenda mgeni akarudi. Hakurudi. Mtoto wa Kisilu alizaliwa Juni, akaitwa Masila, na ni mtoto mzuri asiyesumbua. Waweru alijenga nyumba nyingine ng'ambo, na nyingine, na Kisilu alihama Kangemi. Kila aendapo kumtembelea kaka yake siku hizi hukubali chakula, akaongezewa, na Masila humtazama akila na kufurahi kweli, kisha furaha humkaa vibaya kifuani.

Kila Jumatatu, akienda kazini, Masila husimama darajani Ngara, akavua kofia, akasema asante. Mto humwitikia. Huwa mweusi, unapita umejikunja upande mmoja, lakini haujawahi kukosa kumwitikia. Husimama pale dakika moja au mbili, na kwa kuwa ni fundi, macho yake humpeleka kwenye lile bomba hata asipotaka. Amelikagua mvua na kiangazi. Kiungo cha Kisilu hakijawahi kuvuja hata tone.